Wembe wa Boma Uliomfisha Baba

Leo nasimulia nikicheka, lakini aibu ile ilinifanya nikae mwaka mzima bila kukanyaga nyumbani, na hata sasa mtu wa kwetu Haneti akinitazama kichwani nageuza shingo.

Nilikuwa askari wa Mjerumani, boma la Mpwapwa, mgeni bado, na nywele zangu za kusuka zilizopakwa udongo mwekundu na mafuta, za Kigogo hasa. Asubuhi moja shaush, mkubwa wetu wa gwaride, akatupanga mstari akatusomea karatasi: kuanzia leo kila askari anyolewe kichwa chote, mapambo yatoke masikioni, vifungo ving'ae. Kufika adhuhuri mstari mzima ni vipara. Jamani, sikukasirika, nilistaajabu! Karatasi moja, wembe mmoja, na wanaume wazima waliotoka nchi mbalimbali wanafanana kama mayai.

Wiki ileile nikapewa ruhusa ya kwenda nyumbani, na hapa ndipo nilipokosea: kofia yangu ya askari, tarbushi, ilikuwa mpya, vumbi la kwetu mnalijua, nikaivua nikaifunga kwenye kitambaa ili niivae nikifika mlangoni, wasichana waione ingali safi. Nikaingia kijijini kichwa wazi.

Sasa kwetu mtoto wa kiume hanyoi kichwa chote ila amefiwa na mzazi. (Nilijua! Nimekua nalo! Lakini boma lilishanisahaulisha.) Na baba alikuwa ameondoka na msafara kwenda pwani, masika yote yamepita hatuna habari zake.

Mama alikuwa juu ya paa bapa la nyumba yetu ya tembe anaanika uwele. Aliponiona, ungo ukamtoka mikononi, akapiga yowe, "Mume wangu weee!" Nami kusikia vile nikasema moyoni, kumbe habari za baba zimefika kabla yangu! Nikatupa mzigo nikalia kuliko yeye, naye kuona ninavyolia akajua basi, ni kweli. Na mfiwa kwetu haulizwi maswali, unaketi naye mnalia. Kufika jioni mama kanyoa, shangazi kanyoa, ndugu zangu wamenyoa, na dume jeusi la ng'ombe la baba, alilolipenda kuliko sisi, limechinjwa.

Siku ya tatu, jua limepanda, tumekaa nje, baba akatokea. Mwenyewe, na mzigo wa nguo za kaniki begani, nywele zimesukwa vizuri.

"Mbukwenyi," akasalimu. Akatazama vipara, akatazama ngozi ya dume lake iliyowambwa juani. "Nani amefariki?"

Mama akainuka taratibu, akamgusa kifua, akamgusa bega, akarudia kifua, kisha akaketi chini akawa anacheka na kulia pamoja. Mimi nimeona magwaride na mizinga, lakini kitu kikubwa kama kile sijakiona tena.

Macho ya baba yakazunguka mpaka kwangu. "Ndahani, nani alileta habari?"

"Hakuna, baba. Mimi... nimenyolewa kwa amri ya boma."

"Boma limeamuru nife?"

Ardhi ingepasuka ningeingia. Watu wote wakanigeukia, na vipara vyao, na shangazi akaanza kuokota fimbo. Lakini baba hakunipiga. Aliketi, akaomba nyama, akala matanga yake mwenyewe, kisha akamwuliza mama kwa sauti ya chini (nilisikia), "Ulilia sana?"

"Nililia."

Akang'ata nyama tena. "Watu wanakufa hawaoni wanavyoliliwa," akasema. "Mimi nimeona."

Nikaapa kwamba nikienda nyumbani tarbushi haitoki kichwani, vumbi lile liifanye litakavyo, na salamu kwanza, machozi baadaye. Kiapo nimekitunza, lakini hakikunisaidia kitu. Baba alipofariki kweli nilikuwa askari bado, kipara kinang'aa. Ndugu zangu wakanyoa mmoja mmoja, wembe ukanifikia, nikabaki nimeushika tu, sina hata unywele mmoja wa kumtolea baba yangu, na hilo liliniuma vibaya sana. Mama akauchukua mkononi mwangu.

"Acha, mwanangu," akasema. "Wewe ulishamnyolea."