Shikamoo Kwenye Taa Nyekundu

Binti huyu wa chuo hajibanzi pembeni mwa barabara kama anayeomba radhi kwa kuzaliwa. Kila asubuhi namwona kutoka kwenye cherehani yangu: suruali kaikunja upande wa mnyororo, begi mgongoni, baiskeli katikati ya njia. Akitaka kukata kona hunyoosha mkono wote, wala haurudishi mpaka dereva wa nyuma apunguze mwendo. Jana lori la mchanga lilimpigia honi tangu darajani hadi kwenye taa, hapa mbele yangu. Zilipowaka nyekundu, akasogea dirishani kwa dereva, mzee mwenye mvi ambaye mdomo wake ulishajaa matusi.

“Shikamoo baba,” akasema taratibu.

Mzee akameza mate. “Marahaba, mwanangu.”

Taa zikaruhusu. Binti akatangulia, katikati ya njia vilevile, lori likamfuata polepole. Ukishaitikia marahaba, honi utaipigaje tena?