Maiti Tuliyoifunga Kwenye Boya

Kabla hujaniambia nilikuwa na malaria, nisikilize. Sikuwa na homa, sikuwa nimekunywa, na ilikuwa asubuhi, jua linawaka. Niliyoyaona niliyaona.

Miaka ile ya tisini, viwanda vya minofu ya sangara vikifunguliwa Mwanza kila kukicha, mimi nilikuwa fundi wa vipimo ziwani. Tulitaka kujua jinsi maji ya chini, yasiyo na hewa, yanavyopanda na kuchanganyika na ya juu, maana yakipanda ghafla samaki wanakufa. Tulizamisha nanga, tukasimamisha kamba kutoka chini hadi kwenye boya, na kwenye kamba hiyo tukafunga vifaa vya kupima joto na msukosuko wa maji. Vilirekodi vyenyewe usiku na mchana.

Nahodha wangu alikuwa Mzee Lushinge wa Kigongo. "Mtaalamu," alikuwa akinitania, "hili ziwa lina homa gani hata ulitie kipimajoto?"

Siku moja tulikuta maiti ya mwanamume ikielea karibu na boya, uso chini, shati la njano la mitumba. Wavuvi wa huku hawaachi maiti majini. Ukiikuta, unaacha nyavu zako na kuivuta hadi nchi kavu, hata kama humjui. Mzee Lushinge akazima injini.

"Tumpeleke, mwanangu."

"Mzee, bado tuna maboya mawili, na upepo wa mchana unakuja. Tutampitia tukirudi."

"Maiti haiambiwi subiri."

Nilimfunga mwenyewe. Kamba kiunoni, fundo kwenye boya, asije akapotelea mbali. Niliona nimefanya wema. Wewe ungefanyaje? Kisha upepo ukatukimbiza, tukarudi mwaloni, boti zinapoegeshwa, kwa njia nyingine, tukalala.

Kesho yake ziwa lilitulia kama maji ya beseni. Maiti haikuwepo. Tukaanza kuvuta kamba ya vipimo. Kifaa cha kwanza kikatoka salama, nikakiweka ndani ya boti. Halafu kamba ikawa nzito, na mkono ukatoka majini ukamshika Mzee Lushinge.

Amini usiamini, mkono ule ulikuwa na nguvu. Ulimvuta mzee akaangukia ukingo wa boti, nikasikia mbavu zikilia. Uso ukafuata, macho meupe, shati lile la njano. Nilimpiga yule mtu kwa kasia, likavunjika. Nikachukua spana nikampiga usoni, mara tatu, mara nne, nyama ikachanika. Badala ya damu yakatoka maji meusi yanayonuka matope ya chini kabisa. Hakuachia. Kamba ilikuwa imejizungusha kwenye vidole vya mzee, inakaza.

"Hamkurudi," yule mtu alisema. Kwa sauti ya kawaida tu, kama jirani anayelalamika.

"Kata kamba!" mzee alipiga kelele. "Kata, mwanangu, ananimaliza!"

Panga lilikuwa miguuni pangu. Sikufichi: nilisita. Chini ya kamba ile kulikuwa na vifaa vingine vinne, kazi ya miezi sita. Nilivifikiria vifaa huku mtu mzima analia. Nilipokuja kukata, vidole viwili vya mzee vilikuwa vimekwisha kung'oka, na yule mtu akazama na kamba na vifaa vyote.

Baadaye nilisoma rekodi za kile kifaa kimoja tulichookoa. Usiku ule haukuwa na upepo, lakini maji chini ya boya yalivurugwa saa baada ya saa, tangu jioni hadi karibu na alfajiri, kama mtu anayepigana na fundo. Ndipo likanijia swali ambalo sina pa kulipeleka: tulipomkuta, alikuwa amekufa kweli? Hatukumgeuza.

Mzee yu hai. Nikipita Kigongo namwamkia shikamoo, naye huitikia marahaba akitazama ziwani. Hajaniita mwanangu tena.

Nawe unayefanya kazi majini, ukimkuta mtu anaelea, mgeuze umwone uso. Kisha mpeleke nchi kavu siku hiyo hiyo. Usimfunge popote.