Afadhali Babu Yake

Leo kondakta amemwamkia mama yangu shikamoo vizuri kabisa, halafu akamkatalia basi.

Mama amepooza miguu tangu utotoni. Tulikuwa stendi hapa Kikole, yeye kwenye kiti chake cha magurudumu, tunakwenda hospitali Kilwa.

Viti vitupu nilivihesabu dirishani. Vinne.

"Nafasi ipo, bibi, ila kukupandisha ni kazi. Sina watu."

Mama hakubishana. Akamuuliza ni mtoto wa nani. Kondakta akataja ukoo wake.

Mama akacheka.

"Babu yako alikuwa mgambo. Mwaka ule wa kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, nilikataa kuiacha mikorosho yetu. Alinibeba peke yake mpaka kwenye lori. Hakusema ni kazi."



Kondakta akashuka, na wanaume wawili nyuma yake. Mimi huyo nikafungua breki ya kiti.

Wakatupita.

Wakainua gunia la korosho lililokuwa nyuma yetu, wakalipakia, wakaondoka.

Sasa niambieni, nyie mngemjibu nini mama aliyebaki analitazama vumbi, akasema tu:

"Afadhali babu yake."