Jagi la Kwendea Iria

Juzi mjukuu wangu alinifuata jikoni na daftari lake la Kiswahili, akaniuliza, "Cucu, wingi ya ziwa ni nini?" Nilikuwa nakoroga uji. Nikamwambia ni maziwa. Akanitazama kwa jicho la kutoniamini, akasema, "Lakini maziwa si ni ya chai?"

Nilicheka mpaka nikavuta kiti nikaketi. Nimefundisha Kiswahili katika shule za Nyeri tangu nikiwa msichana mpaka nikastaafu, na ziwa na maziwa nimeyaandika ubaoni mara zisizo na idadi, tena kwa uso mkavu. Siku hiyo nilishindwa kujizuia. Unajua, rafiki yangu, nilipokuwa na umri wa huyo mtoto niliwahi kuchekwa na lori zima kwa sababu ya jambo hilo hilo, ila kwa Kikuyu. Kama hukujua, kwa Kikuyu ziwa ni iria, na maziwa ya ng'ombe nayo ni iria. Mtu mzima hapotei hapo. Lakini mtoto aliyekunywa strungi, chai isiyo na maziwa, tangu ng'ombe wao akauke, huyo mwache tu.

Jumamosi nikamwambia binti yangu awashe gari atupeleke kule juu, upande wa mlima, ambako mambo hayo yalitokea. Nikachukua na jagi langu la bati lenye mdomo wa samawati. Binti yangu akaniuliza la nini. Nikamwambia aendeshe gari.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Ruring'u haikuwa imejaa nyumba kama sasa. Ukitoka nje alfajiri ungeuona mlima wote, kichwa cheupe, kabla mawingu hayajaufunika, na moshi wa kila jiko ukipanda peke yake. Nilikaa na nyanya yangu, mzaa mama, katika nyumba ya mbao yenye jiko la nje. Kazi zangu zilikuwa tatu: kuokota kuni, kukatia ng'ombe majani na kutomkasirisha nyanya. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonishinda. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkali, asiyerudia neno. Kwenye paji la uso alikuwa na bonde, mfereji mzima uliotoka sikio hadi sikio, ulioachwa na ukanda wa kubebea mizigo mgongoni. Nilidhani nyanya wote huzaliwa nalo.

Mwaka huo ng'ombe wetu alikauka. Kwa mtu wa kwetu, chai bila maziwa si chai, ni dawa ya kikohozi. Jirani yetu, mama Mwislamu aliyehamia Ruring'u kutoka Majengo ya mjini, alikuwa akitupa kikombe cha maziwa alipoweza. Wakati wa Idd alituletea pilau ya mchele wa Wang'uru, nasi tukamrudishia sahani ikiwa na nduma za kuchemsha, maana sahani hairudi tupu. Kiswahili changu cha kwanza nilikipata mlangoni kwake, na kama nilikuja kuwa mwalimu, yeye ndiye wa kulaumiwa.

Basi siku moja nyanya alisema akiwa anamenya viazi, "Jamhuri tutaenda iria."

Kule juu, upande wa mlima, kulikuwa na mji ambao watu wazima waliuita hivyo tu, Iria. Ulikuwa mji mdogo wa baridi, wenye bwawa kubwa lililochimbwa zamani za mkoloni ili Wazungu wa mashamba wapige makasia na kuvua samaki siku za Jumapili. Uhuru ulipokuja lango likafunguliwa. Wakaweka bembea, farasi wa kuzungusha watoto, kipaza sauti cha muziki na mpiga picha mwenye kamera ya miguu mitatu. Sikukuu zilipofika watu walipanda kutoka Nyeri, Karatina, hata Kutus, wakiwa na watoto waliopakwa mafuta wakang'aa. Nyanya hakuwa amewahi kwenda. Kila alipoalikwa alisema ana kazi.

Mimi sikujua habari za bwawa. Nilisikia iria, nikajua tunaenda kuchukua maziwa. Asubuhi ya sikukuu ya Jamhuri nikaosha jagi hilihili kwa majivu, nikalikausha, nikatoka nalo. Nyanya alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na leso mpya kichwani. Akaniuliza, "Hilo ni la nini?" Nikamjibu, "La iria."  Ningemshukuru leo kama angenieleza, lakini alisema tu, "Haya, beba."

Tulipanda lori la mbao lililokuwa limefagiwa na kuwekewa mabenchi. Jirani yetu alikuwa nasi na kapu lake la sambusa za kuuza. Tulipopita Kiganjo, watoto wakubwa wakaniuliza jagi ni la nini. Nikawaambia kwa fahari kabisa kwamba nitarudi nalo limejaa. Walicheka mpaka mmoja akataka kuanguka nje. Sikuelewa walichocheka, nikadhani wananionea wivu kwa kuwa wao hawakubeba vyombo.

Nilielewa tuliposhuka. Mbele yetu kulikuwa na maji. Maji meusi ya baridi, yamelala kati ya miti ya msindano, na mlima umesimama juu yake. Pembeni watoto walipiga kelele kwenye bembea, na mahali fulani palinukia nyama ya kuchoma. Mimi niliona maji tu. Wale watoto wakaanza kuniita Jagi, na hilo jina lilinifuata hadi darasa la saba. Nikaficha chombo changu chini ya sweta nikalia.

Jirani yetu aliweka kapu chini akanifuta uso kwa ncha ya buibui lake. "Usilie, mwanangu. Hujakosea. Hata sisi Waswahili, ziwa likiwa moja ni ziwa, yakiwa mawili ni maziwa. Wewe umekosa la pili tu." Sikuelewa vizuri, lakini nilipenda kuambiwa kwamba sijakosea. Akanipa sambusa ya moto na habari ikaisha.

Nyanya yeye hakutazama bembea wala farasi. Alinishika mkono, tukapanda ukuta wa udongo uliozuia maji, ule ambao watu walikuwa wameketi juu yake wakila na kupigwa picha. Alitembea polepole akiangalia chini. Karibu na katikati akasimama, akagonga udongo kwa kisigino.

"Hapa ndipo kiondo changu kilipokatika," akasema.

Hapo ndipo aliponiambia, kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya maharagwe. Wakati wa hali ya hatari ya mkoloni, wanawake wa kijiji chao walitolewa kila asubuhi na kuletwa huku kuchimba. Udongo wote wa ukuta ule uliletwa kwa viondo migongoni mwao, ukanda kichwani, mvua au jua. Nyapara alikuwa akiwaambia, "Chimbeni vizuri, lakini msizoee. Hapa hamtaketi, na maji haya hamtakunywa." Wengine walimtukana kimoyomoyo. Nyanya alijiambia kwamba ipo siku ataketi katikati kabisa ya maji hayo, mahali ambapo yeye mwenyewe aliondoa udongo. Miaka yote ya uhuru alikuwa akiogopa kwenda na kukuta bado hawezi. Sasa magoti yalikuwa yameanza kumsumbua, akaona asipokwenda mwaka huo hataenda tena. Niliangalia lile bonde la usoni mwake, na kwa mara ya kwanza nikajua lilitoka wapi.

Tukaenda penye mashua. Zilikuwa mbili, na moja ilikuwa imepinduliwa nchi kavu, mbao zimeoza. Nyingine ndiyo iliyofanya kazi siku nzima, na foleni ilikuwa ndefu. Tulisimama hadi miguu ikafa ganzi. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka kutoka mlimani, na kule barabarani dereva wa lori alishapiga honi ya kwanza. Tulipofika mbele, mwenye mashua akainua mkono. Alikuwa mtu mrefu kutoka upande wa ziwa kubwa la magharibi, maana sisi watu wa milima tulikuwa hatujui kasia ni mwiko au ni nini.

"Mama, pole. Imetosha," akasema. "Hii mashua inavuja, na kopo ya kutoa maji imeanguka ndani huko. Bila kopo mimi sitoki. Kuja mwaka ujao."

Nyanya hakuwa na Kiswahili kingi, na kile alichokuwa nacho alikipata kwa nyapara. Alikitumia chote.

"Mwaka ujao ni ya nani?" akauliza. "Mimi niribeba hii mchanga na kichwa. Hii yote. Wewe ulikuwa wapi? Nyapara aliniambia sitakaa hapa. Na wewe unaniambia sitakaa hapa."

 Yule mtu akamwangalia usoni, pale penye bonde. Akavua kofia yake.

"Ningekupeleka, mama. Walai ningekupeleka. Lakini kopo hakuna. Tutazama, wewe na mimi."

Wale watoto wa lori walikuwa wamesimama nyuma yetu wakisubiri kuona. Nilijua nikitoa kitu kile watacheka tena. Nilijua pia kwamba nyanya hangeomba mara ya pili, kwa sababu hakuwa mtu wa kurudia neno. Nikaingiza mkono chini ya sweta, nikatoa jagi.

"Na hii?" nikamuuliza.

Mwenye mashua alilichukua, akalipima mkononi, akatabasamu meno yote. "Hii ni nzuri kushinda kopo," akasema. "Ingieni."

Hakuna aliyecheka. Nyanya aliingia akiwa amekunja gauni, akaketi wima kama yuko kanisani, mikono imeshika mbao pande zote mbili. Mimi niliketi miguuni pake nikateka maji na kuyamwaga nje, nikateka nikamwaga, na viatu vyangu vikalowa, na sijawahi kufanya kazi kwa furaha namna ile maishani. Ufukweni jirani yetu alianza kupiga vigelegele. Nyanya hakugeuka. Tulipofika katikati akasema, "Simama," na yule mtu akainua makasia.

Tukakaa. Muziki wa kipaza sauti ulisikika kwa mbali. Nyanya alitazama ukuta kutoka upande huu mpaka ule, kisha akanyoosha mkono nimpe jagi. Akalisuuza mara mbili, akateka maji safi, akanywa taratibu. Akanipa.

"Kunywa," akasema. "Ni iria."

Yalikuwa baridi ya kuuma meno, na yalikuwa na ladha ya majani na matope. Nilikunywa yote. Nikamwona nyanya akitabasamu, na nakwambia, kabla ya siku hiyo nilikuwa sijui kwamba ana pengo upande wa kushoto.

Alilijaza tena jagi akalifunika kwa leso yake mpya. Njia nzima kwenye lori alilipakata mwenyewe, kichwa wazi katika baridi ile, asimwage hata tone. Jioni aliyamimina kwenye sufuria, akatia majani ya chai na sukari, akaita majirani. Ilikuwa strungi ile ile nyeusi. Alimpa kila mtu kikombe akisema, "Leo tunakunywa chai ya iria," na jirani yetu wa Majengo alicheka mpaka akashika ubavu, maana yeye alilisikia kwa lugha zote mbili. Nimekunywa chai nyingi tangu hapo, nyingine kwenye hoteli za kitambaa mezani, na sijaona iliyoifikia ile.

Nyanya amelala Ruring'u, nyuma ya mahali palipokuwa na lile jiko la nje. Jirani yetu naye alikwishatangulia, Mungu awarehemu wote.

Jumamosi hiyo tulipofika juu, sikulikuta bwawa. Wenyeji walituambia ukuta ulipasuka mwaka mmoja wa mvua kubwa, na hakuna aliyejali kuuziba. Bembea hazipo. Pale palipokuwa na maji ni malisho, majani mazito ya kijani, na ng'ombe wakubwa weusi kwa weupe wamesimama humo mpaka magotini. Nilitafuta mahali nyanya alipogonga kisigino. Ukuta uko bado kipande, umeota nyasi. Nilijisikia vibaya, nisikudanganye. Nilikuwa nimemwahidi mtoto ziwa.

Penye lango la zamani kulikuwa na msichana ameketi na mtungi mkubwa wa aluminiamu, anauza maziwa ya ng'ombe wale. Aliniona nimesimama na chombo changu mkononi nikiangalia bonde.

"Cucu," akaniita, "leta hiyo jagi nikuwekee iria. Ni ya leo asubuhi."

Mjukuu wangu aliniangalia, nami nikamwangalia. Nililipeleka jagi, likajazwa mpaka kwenye ule mdomo wa samawati. Nikakumbuka wale watoto wa lori, na jinsi nilivyowaambia kwamba nitarudi nalo limejaa. Nimerudi nalo, basi. Mara ile nilikuwa nimefika mapema tu.