Udaga Juu ya Lami

Kati ya Makere na Kasulu kuna kipande cha barabara kisicho na kona. Nakipita karibu kila Jumamosi nikitoka Kibondo, ninakofanya kazi, kwenda kumwona mama mdogo, dada wa mama aliyenilea. Milimani, kabla ya kufika hapo, madereva wetu ni watu waangalifu. Hupiga honi kwenye kona, hushusha gia, hukaa upande wao. Wakifika tambarare, barabara ikanyooka mbele yao mpaka ikawa nyembamba kama uzi, kitu ndani yao hulegea. Dereva hushika usukani kwa mkono mmoja, kiwiko kikatoka dirishani, na gari huhamia taratibu katikati, mstari mweupe ukipita chini ya tumbo lake.

Nimewahi kukaa mbele kwenye mchomoko, vile vigari vya abiria vinavyobeba watu wanne kiti cha watu watatu, dereva akaniambia kwa furaha kabisa, "Hapa ndipo pa kufidia muda, kaka. Mguu unalala tu."

Mama mmoja nyuma, aliyekuwa na kuku kwenye kapu, akasema, "Mwanangu, mimi nashuka Kasulu. Huko juu unakotupeleka sijaaga nyumbani."

Watu walicheka. Dereva naye alicheka, na mguu wake haukuamka.

Kipande hicho kina desturi zake. Gari la mbele likiwasha taa ya kushoto, la nyuma linaambiwa lipite. Likiwasha ya kulia, lisubiri. Likija gari likakumulika mchana, maana yake trafiki wako mbele, na hapo kila mtu hurudi upande wake na kwenda mwendo wa harusi mpaka atakapowapita. Sijaona mtu akimulika taa kwa sababu ya bibi aliye barabarani. Kwa bibi kuna honi. Honi kwetu hupigwa kutoka mbali, na dereva akishaipiga huona amemaliza kazi yake. Hagusi breki. Ameshasema, aliyebaki ndiye wa kuondoka.

Zamani, barabara ilipokuwa ya udongo mwekundu, hapakuwa na haja ya honi. Tulikuwa na vumbi. Gari likiwa bado vijiji viwili mbali, wingu jekundu lilipanda juu ya miti, na mtu alikuwa na muda wa kumaliza palizi ya mstari wake, kumwita mtoto, kufunga mbuzi, kisha kusimama kando na kujifunika pua kwa khanga. Tulijua hata ukubwa wa gari kwa vumbi lake. Hakuna aliyetufundisha, macho yalijua yaangalie wapi. Lami ilipokuja, vumbi likaondoka, na hakuna aliyefikiri kuyaambia macho. Mpaka leo, mtu mzima wa kwetu akitaka kuvuka barabara hiyo haangalii lami. Huinua uso na kuangalia juu ya miti. Akiona anga ni safi, anavuka.

Mama mdogo alikuwa mmoja wao. Alivushwa mto Malagarasi akiwa mgongoni mwa mama yake, wakati watu wakikimbia kutoka Burundi, na uraia aliupata akiwa tayari ana wajukuu. Kati ya kuja na kuwa raia, kitu kimoja alichokuwa nacho kilikuwa shamba la muhogo lililoishia kwenye barabara ya zamani. Barabara ilipopanuliwa ili iwekwe lami, nusu ya shamba ilikwenda. Alilipwa fidia na hakulalamika. Lakini alijua mpaka wake ulipokuwa, na mpaka huo sasa ulikuwa karibu na mstari mweupe.

Kwetu muhogo hulowekwa siku kadhaa hadi ulainike, kisha humenywa, humegwa, huanikwa. Ukikauka tunauita udaga, ndio ugali wa mwaka mzima. Juu ya majani au mkeka huchukua muda, na wingu likipita kati hufanya ukungu, ukawa wa kijivu. Juu ya lami hukauka haraka na kuwa mweupe kama chokaa. Wanawake wa kijiji waligundua hilo kabla rangi ya mistari haijakauka vizuri. Wakagawana barabara, kila kaya mbele ya kwake, wakapanga mawe upande wa nje ili magari yaone. Nafasi ya mtu huheshimiwa almradi haikai tupu. Ikikaa tupu, jirani huvuta mawe yake.

Nafasi ya mama mdogo ilikuwa juu ya shamba lake hasa. Nilipomwambia mara ya kwanza kwamba barabara ni ya magari, alinitazama kama mtu anayesikiliza habari za nchi nyingine.

"Hapa nilipanda muhogo," alisema. "Sasa naanika muhogo. Nimehamia wapi?"

"Mama, watakugonga."

"Mwana wanje, gari nalionaje nisilione? Si nina macho?"

Niliyaona macho yake. Yalikuwa juu ya miti.

Nilijaribu mengi. Nilimwomba awe anaanika asubuhi tu. Akasema jua la asubuhi halina nguvu. Nilimwomba akae upande wa ndani, miguu mtaroni. Akakaa hivyo nilipokuwepo. Nilizungumza na mwenyekiti wa kitongoji, naye alikuwa na hoja nzuri sana kuhusu usalama, akiieleza huku mke wake anageuza udaga nyuma yake, kwenye lami. Mwishowe nilimjengea kichanja cha miti nyuma ya nyumba, cha kimo cha kiuno ili asiiname. Alinishukuru kwa dhati. Jumamosi iliyofuata nilikuta ameanika vyombo juu yake, na kuku wamekaa chini kwenye kivuli.

Kila gari lilipokaribia kijiji, nilianza mapema kutafuta khanga yake kwa macho. Nikiiona inatembea, nilipumua. Nilijua kabisa ninachokisubiri. Ndivyo nilivyoishi na barabara ile, nikihesabu kwamba bado.

Simu ilinikuta Kibondo kazini, mchana, jua kali. Aliyepiga ni jirani yake, mjane ambaye mawe yake yamegusana na ya mama mdogo. Alinieleza bila haraka, kwa mpangilio ambao mwandishi yeyote angeutamani. Mama mdogo alikuwa ameinama anageuza. Honi ililia mbali. Aliinua kichwa, akaangalia juu, hakuona kitu, akainama tena. Mchomoko ulikuwa unapita lori, ukarudi upande wake ukiwa umechelewa. Ulimpiga nyongani na kumtupa mtaroni.

"Angekuwa upande wa nje, karibu na mstari, ningekupigia simu ya msiba," alisema.

Dereva hakukimbia. Gari lilisimama mbali mbele, akarudi kwa miguu, mikono kichwani, akirudia kwa kila aliyemkuta, "Nimepiga honi. Wote mmesikia, nimepiga honi." Wote walikuwa wamesikia. Abiria wake walishuka, wakamlaza mama mdogo kiti cha nyuma, na dereva huyohuyo akampeleka hospitali Kabanga. Watu wanasema safari hiyo aliendesha polepole sana.

Nilimkuta wodini, mguu umefungwa, uso umekuwa mdogo. Daktari alikuwa ameshanieleza: nyonga imevunjika, mifupa ya umri huu huunga kwa shida, atatembea kwa kushikilia kitu, kuinama asahau. Nilikaa pembeni ya kitanda nikitafuta namna ya kumwambia hilo la mwisho.

Yeye alinitangulia. "Nani amekaa pale?"

"Pale wapi, mama?"

"Pale pangu."

Kitanda cha pili alilala mama wa Kikongo kutoka kambi ya Nyarugusu, aliyekuwa akitusikiliza tangu nilipoingia. Akageuza kichwa, akaiita lami kwa jina la kwao. "Mama, gudroni ni ya motokari. Batu beko na fasi yabo."

"Na hiyo fasi ilikuwa shamba langu," mama mdogo akamjibu, "kabla ya hiyo gudroni yako."

"Haya, mama shamba. Lala basi."

Walicheka wote wawili kidogo, kisha mama mdogo akashika nyonga na kucheka kukaisha. Alipopata pumzi alinivuta mkono. Alikuwa ameloweka pipa zima siku chache kabla, ndio muhogo wote aliovuna kwenye nusu ya shamba iliyobaki. Ulikuwa umeshalainika. Ukikaa zaidi ungeoza.

"Kauanike," alisema. "Pangu. Usiache pakakaa patupu. Nikirudi nitakaa wapi?"

Sikumwambia kwamba hatarudi pale. Nilikubali tu, "Ego, mama."

Nilidhani nimeona njia ya kutimiza nusu ya ahadi. Nilifika kwake nikaondoa vyombo kwenye kichanja, nikatoa muhogo ndani ya pipa, nikaumenya na kuumega, nikautandaza juu ya miti yangu, nyuma ya nyumba, mbali na gari lolote. Niliomba ruhusa kazini nikalala hapo. Mchana mawingu yalikuja na kukaa. Kesho yake asubuhi vipande vilikuwa vinateleza, na chini vimeanza kuwa na madoa ya kijivu. Nilivigeuza. Upande wa pili ulikuwa hivyohivyo. Ule ulikuwa ugali wake wa mwaka, kwa mwanamke ambaye hatalima tena, na ulikuwa unaoza juu ya ubunifu wangu.

Jua lilipotoka niliujaza kwenye beseni nikaubeba barabarani.

Mjane alikuwa ameshavuta mawe. Udaga wake ulijaa nafasi yake na nusu ya nafasi ya mama mdogo. Aliponiona alianza kuurudisha kwa mguu, bila aibu.

"Nilikuwa namlindia," alisema.

"Asante."

"Leo mwanaume wa Kibondo anaanika udaga. Mkeo anajua?"

"Hajui."

"Basi piga magoti vizuri. Hivyo unamwaga. Unatandaza, hurushi."

Nilipiga magoti. Lami ilikuwa ya moto kupitia suruali. Mawe ya mama mdogo yalikuwa palepale, isipokuwa mawili yaliyoburutwa na tairi mpaka katikati ya barabara. Nilikwenda kuyachukua, nikayarudisha kwenye mstari. Nilianza kutandaza kutoka mtaroni kuelekea nje, na kila kipande nilichoweka kilinisogeza karibu zaidi na mstari mweupe, kwa sababu beseni lilikuwa limejaa na upande wa ndani hautoshi. Nilikuwa nimebishana naye muda wote huo bila kujua kwamba hautoshi.

Harufu ya muhogo ilipanda na joto. Hapakuwa na sauti. Nilihisi kitu, nikainua kichwa na kuangalia. Anga juu ya miti ilikuwa safi, ya buluu, haina hata chembe ya vumbi, nikainama tena.

Honi ililia ikiwa tayari ipo masikioni.

"Usisimame," mjane alisema. "Ukisimama ndio unawaingilia. Bana mwili, lipite."

Nilibana mwili. Lilikuwa gari jeupe, katikati ya barabara, mkono wa dereva nje ya dirisha. Upepo wake ulinipiga shavuni na kuvuta vipande kadhaa vya udaga, vikabiringika mpaka ng'ambo ya mstari. Gari likaendelea kuelekea Kasulu, likipungua ukubwa bila kupunguza mwendo, mpaka halikuonekana tena.

"Utazoea," mjane alisema, akigeuza wake.

Nilisubiri kidogo, nikaenda katikati ya barabara kuokota vile vilivyobiringika. Ulikuwa udaga wake wote, na sikuweza kuacha hata kipande.