Siku Dunia Nzima Ilipotaka Vitunguu Saumu Vyetu

Hii aibu siwezi kuisimulia nikiwa nimesimama, ngojeni nikae. Nilikuwa katibu wa kikundi chetu cha wakulima wa vitunguu saumu pale Nambis, nikanunua simu ya kupangusa (ya kwanza kikundini, na maringo yake yote), nikawekewa programu moja ya msaidizi, unaiambia unachotaka halafu yenyewe inazunguka mtandaoni kukutafutia habari. Mimi nikaiambia saumu. Basi kila asubuhi nikifungua ni saumu! Saumu ya China, saumu dawa ya presha, nikibonyeza moja kesho zinakuja kumi, nikajua dunia imeamka.

Lori la mnunuzi lilipofika nikasimama mbele za watu. "Jamani msiuze! Dunia nzima inaongelea saumu, wiki mbili tu bei itapanda."

Mzee Tluway, jirani yangu, alikuwa anategemea magunia yake yawe ada ya binti yake Elizabeti, aliyepata nafasi chuo cha uuguzi. Akaniuliza taratibu, "Una hakika, mwanangu?" Nikamwonyesha simu. Akayarudisha magunia ndani, na lori likaondoka.

Wiki mbili zikawa sita, lori lingine hakuna, saumu zikaanza kuota ndani ya magunia. Kikaitishwa kikao, bwana shamba akaja kutoka Mbulu mjini, nami (mbishi mimi!) nikainuka tena na simu yangu. "Hebu soma mwenyewe dunia inasema nini."

Akatoa yake, akaiweka mezani kando ya yangu, msaidizi yule yule: mpira, pikipiki, mpira, pikipiki. Saumu hata punje.

"Dada katibu," akasema, "huyu hakuambii dunia inataka nini. Anakuletea unachokipenda wewe."

Watu wakaangua kicheko, mimi nikatamani ardhi ipasuke. Mzee Tluway hakucheka. "Kwa hiyo siku ile," akauliza, "nilikuwa naangalia mawazo yako?"

Nikaichukua simu yangu mezani, nikakaa. Siku hizi kabla sijasema dunia inataka hiki, naazima kwanza simu ya mtu asiyejali saumu kabisa, nione yake inasemaje. Lakini akili hiyo ilikuja imechelewa. Wiki chuo kilipofunguliwa nilikutana na Elizabeti njiani, jembe begani, akasimama pembeni kunipisha.

"Shikamoo, dada katibu."

Niliitikia marahaba, na hadi leo naona kama niliiba.