Anayefunga Ghuba Haondoki

Mama yangu, kule Mbeya, alizoea kusema nilizaliwa na upupu kwenye nyayo. Kiti kilinichosha kabla hakijapata joto. Nilipopangiwa Sumbawanga kuwa bwana samaki, niliipenda barabara ya kuteremka kwenda Ziwa Rukwa kuliko ofisi yenyewe. Asubuhi nimevaa sweta kwenye baridi ya Ufipa. Mchana niko Kaoze, jasho linanitoka, naulizia habari za perege, na moyo tayari unadai turudi.

Mwaka ule wa kuhamia vijiji vya ujamaa nilikuwa na hofu moja tu. Upande wa ziwa kulikuwa na ghuba ya matete ambamo perege walizaliana, wakilea watoto wao ndani ya vinywa. Tangu zamani ukoo mmoja uliifunga msimu huo. Bibi wa ukoo alichomeka mti mlangoni mwa ghuba, na hakuna mtumbwi uliopita mpaka auchomoe mwenyewe. Sasa bibi na watu wake wote walikuwa wamehamishiwa Mpui, huko juu, wakalime. Mti haukuchomekwa. Wavuvi walishaanza kushona nyavu, na kijiji kipya pale ziwani kilikuwa na njaa ya kweli. Nyavu zikiingia mle, mwakani tungevua matope.

Nikapanda Mpui. Nilimkuta bibi amejifunika blanketi, anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja mbio tena, Bwana Samaki. Kaa."

Sikukaa. Nilimwomba ashuke akafunge ghuba, gari ninalo. Akafunua blanketi, akanionyesha miguu iliyovimba.

"Hii haishuki tena. Kafunge wewe, nimekuruhusu."

"Mimi si wa ukoo wenu, bibi."

"Ukoo wangu si ndio huu hapa, unalima? Sikiliza. Anayefunga hulala pale pale. Hali samaki, wala haondoki ufukweni mpaka siku ya kufungua. Akiondoka, hata kwa msiba, ameshafungua."

Nilikasirika. Nchi nzima ilikuwa na watu wanaojua kukaa, na kazi hii inaniangukia mimi! Lakini ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni: juma lile lile nilikuwa Kaoze, maji kiunoni, nachomeka mti mbele ya wavuvi. Mkubwa wao, mzee mkavu mwenye sauti ya kukwaruza, aliwatangazia wenzake ghuba imefungwa. Kisha akanigeukia.

"Tutakuangalia, Bwana Samaki."

Na kweli waliniangalia. Nilijengewa kibanda cha matete, nikawa nakula ugali na mlenda huku harufu ya perege waliovuliwa mbali ikinitesa. Nilitembea ufukweni kwenda na kurudi mpaka mchanga ukafanya njia. Nilihesabu viboko. Niligombana na mbu, na mlenda, na bibi aliyekuwa mbali. Miguu iliniwasha hasa, si maneno ya mama tu. Kila nikisikia gari mlimani nilisimama.

Siku moja gari likaja kweli, la ofisini. Dereva hakuzima injini.

"Pole, bosi. Yule bibi wa Mpui amefariki. Wanazika kesho. Ukoo wanakuulizia."

Nililia pale pale, mbele ya watu. Nilimpenda yule bibi, na sikuwahi kumwambia, maana sikuwahi kukaa kwake hata mara moja. Wavuvi walikuwa wamekusanyika, wengine na nyavu mabegani. Hakuna aliyenizuia. Walinitazama miguu.

Mkono wangu ulikuwa umeshashika mlango wa gari. Mlima ulionekana wote, na barabara yake nyekundu. Kabla jua halijazama ningekuwa Mpui.

"Waambie nimefunga," nikamwambia dereva. "Wataelewa."

Akanikodolea macho, kisha akageuza gari. Nikabaki nimesimama kwenye vumbi lake, miguu ikiniwasha kwa hamu ya kulikimbilia. Nyuma yangu mzee aliteremsha wavu wake begani, akautundika juu ya matete, na wenzake wakafanya vile vile. Akaupindua mtumbwi wake kifudifudi, akaupangusa kwa kiganja.

"Kaa basi, mwanangu," akasema. "Tumlilie hapa hapa."

Nikakaa.